Nani Mzima wa Afya Newala? Mipaka ya Kawaida ya Vipimo vya Tezi ya Thairoidi

Karatasi ya majibu ya kipimo cha tezi ya thairoidi huwa na safu mbili za tarakimu. Safu ya kwanza ni kiasi cha homoni kilichokutwa katika damu ya mgonjwa. Ya pili, iliyochapwa pembeni kwa herufi ndogo, ni mipaka ya kawaida. Kwa homoni ya TSH mara nyingi husomeka kati ya 0.4 na 4.0, au juu kidogo ya hapo, kwa kipimo cha miliyuniti kwa lita moja. Mgonjwa huitazama safu ya kwanza, lakini daktari hawezi kuisoma bila ya pili. Tarakimu hizo za pembeni ndizo zinazoamua nani aanzishiwe vidonge vya kila siku, pengine kwa maisha yake yote, na nani aambiwe arudi nyumbani. Aghalabu hazikutoka kwa watu wa mahali anapoishi mgonjwa. Zimenakiliwa kutoka kijitabu cha mtengenezaji wa vitendanishi, na watu waliotolewa damu ili zipatikane walikuwa Ulaya au Marekani.

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini ya zoloto. Kazi yake ni kuchukua madini joto kutoka kwenye damu na kutengeneza homoni mbili, T4 na T3, zinazoongoza kasi ya mwili mzima: mapigo ya moyo, joto, uzito, ukuaji wa mtoto, na zaidi ya yote ujenzi wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Tezi nyingine, pituitari, iliyo chini ya ubongo, huisimamia kwa kutuma TSH. T4 ikipungua, TSH hupanda ili kuihimiza thairoidi. T4 ikizidi, TSH hushuka. Pituitari ni nyepesi kuhisi mabadiliko, kwa hiyo upungufu mdogo tu wa T4, ambao wenyewe bado ungeonekana wa kawaida kwenye karatasi, huipandisha TSH mara kadhaa. Ndiyo sababu TSH huwa kipimo cha kwanza kuombwa, na ndiyo sababu kosa dogo katika mipaka yake hubadilisha hatima ya watu wengi.

Mipaka yenyewe hupatikana kwa njia isiyo na siri. Watafutwe watu wazima wa afya, wapimwe, majibu yapangwe kuanzia dogo hadi kubwa, kisha iachwe asilimia 2.5 ya chini na asilimia 2.5 ya juu. Asilimia 95 iliyobaki katikati ndiyo huitwa kawaida. Mwongozo wa kimataifa unaofuatwa na maabara nyingi unataka watu wasiopungua 120 kwa kila kundi. Kwa idadi hiyo, mpaka wa chini ni jibu la mtu wa tatu kutoka mwanzo wa mstari, na mpaka wa juu ni la mtu wa tatu kutoka mwisho. Mambo mawili yanafuata hapo, na husahaulika hata hospitalini. La kwanza, mtu mmoja kati ya ishirini wenye afya kamili atakuwa nje ya mipaka kwa sababu ya hesabu yenyewe, bila ugonjwa wowote. La pili, mipaka haiwezi kuwa bora kuliko watu walioteuliwa. Wakichanganywa wagonjwa humo, ugonjwa wao utaingia ndani ya kawaida na kupewa hadhi ya afya.

Kwamba mipaka hutofautiana kati ya jamii na jamii si dhana tu. Utafiti mkubwa wa kitaifa uliofanyika Marekani kati ya 1988 na 1994 ulionyesha kuwa Wamarekani Weusi walikuwa na wastani wa TSH ulio chini kuliko wa Weupe, na kwamba TSH ya wazee ilikuwa juu kuliko ya vijana hata baada ya kuwaondoa wenye dalili za ugonjwa wa tezi. China, baada ya miaka mingi ya chumvi yenye madini joto, utafiti uliofanyika katika mikoa yote 31 ya bara kati ya 2015 na 2017 ulipata mipaka ya TSH ya 0.74 hadi 7.04. Mtu mwenye TSH ya 6 angeitwa mzima Beijing na mgonjwa Boston. Denmark na Iceland, nchi zinazofanana kwa mengi, zilitofautiana kwa wazee wake: katika eneo la Jutland, lililokuwa na uhaba wa madini joto, wazee wengi walikuwa na tezi zenye vinundu vinavyojifanyia kazi bila kuisubiri TSH, kwa hiyo TSH yao ilishuka, ilhali Iceland, penye madini joto tele, TSH ya wazee ilipanda. Umri uleule ulileta matokeo kinyume, na kilichotofautisha ni chakula.

Afrika Mashariki imekwisha kujifunza somo hili kwa vipimo vingine. Mwaka 2008 ilichapishwa mipaka ya vipimo vya damu ya watu wazima wenye afya wa Mbeya, na mwaka 2010 ya watoto wa Kilimanjaro. Mwaka 2009 ulitoka utafiti uliokusanya watu wa Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, na mwaka 2020 wataalamu wa Nairobi walitoa mipaka ya Wakenya kwa vipimo vingi vya kemia ya damu, vikiwemo vya homoni. Tafiti hizi zilikuwa na sababu ya haraka: majaribio ya chanjo na dawa za UKIMWI yalikuwa yakiwakataa watu wazima wa afya kwa kuwa damu yao haikulingana na mipaka ya Marekani. Ndani ya tafiti hizo kuna funzo linalohusu tezi moja kwa moja. Chembe nyeupe za aina ya nutrofili ziko chini kwa Waafrika wengi kwa sababu ya urithi, na hazimdhuru mwenye nazo. Huko kubadili mipaka ni haki. Himoglobini nayo ilikuwa chini, lakini sehemu ya upungufu huo ni kazi ya minyoo ya safura, malaria na uhaba wa madini ya chuma. Kuishusha mipaka ya himoglobini ili ifanane na watu wenye safura ni kuutangaza ugonjwa kuwa tabia ya wenyeji. Swali la tezi ya thairoidi ni lilelile: tofauti itakayoonekana ni ya maumbile au ni ya njaa?

Hakuna mahali pazuri pa kuliuliza swali hilo kuliko kusini mwa Tanzania, Masasi na Newala. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na kuporomoka kuelekea bonde la Mto Ruvuma. Masasi iko chini ya uwanda, upande wa magharibi, katikati ya milima ya mawe matupu inayotoka tambarare. Udongo wa juu ya uwanda ni wa kichanga, mvua hunywewa papo hapo, na kwa vizazi vingi wanawake walishuka mabondeni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani. Udongo wa namna hiyo, mkongwe na uliooshwa na mvua, kwa kawaida hauna madini joto mengi, na mazao yaliyooteshwa humo huyakosa vilevile. Samaki wa baharini, ambao wanayo, hufika juu wakiwa wakavu na wakiwa na bei.

Kwa hiyo madini joto hutegemea chumvi. Tafiti za miaka ya 1980 zilikuta rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, kwa takriban asilimia 25 ya watoto wa shule nchini Tanzania, hali mbaya zaidi ikiwa katika nyanda za juu za kusini na magharibi. Serikali ilianza na vidonge vya mafuta yenye madini joto kwa wilaya zilizoathirika sana mwaka 1986, kisha miaka ya 1990 ikaweka sheria ya kuyachanganya kwenye chumvi yote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta rovu imeshuka hadi karibu asilimia 7. Mafanikio hayo ni makubwa, na hayasifiwi vya kutosha. Lakini wastani wa nchi huficha mengi. Kipimo cha madini joto kwenye mkojo katika utafiti huo kilitoa kiasi cha kati cha mikrogramu 204 kwa lita, juu kidogo ya kiwango cha 100 hadi 199 kinachohesabiwa kuwa cha kutosha, kwa sababu baadhi ya wilaya zilipata kupita kiasi huku nyingine zikibaki nyuma. Pwani ya kusini ilikuwa miongoni mwa zilizobaki nyuma. Sababu yake inashangaza kidogo: ni wingi wa chumvi. Lindi na Mtwara zina wachemshaji na waanikaji wadogo wadogo wa chumvi ya bahari, na ni vigumu kwa mzalishaji wa magunia machache kununua kemikali, kunyunyizia sawasawa na kukaguliwa. Chumvi hiyo ni rahisi, iko karibu, na hupanda uwanda pamoja na samaki wakavu.

Upande wa pili wa sahani kuna muhogo. Aina chungu hupendwa na wakulima kwa kuwa nguruwe, nyani na wezi huiogopa, na hustahimili ukame na udongo hafifu. Uchungu wake unaambatana na linamarini, kemikali ambayo mzizi ukisagika huachia sayanidi. Muhogo ukimenywa na kuanikwa polepole kuwa makopa, kisha ukatwangwa na kuchekechwa, sumu hupungua kwa kiasi. Ukilowekwa majini kwa siku kadhaa hupungua zaidi, lakini kuloweka kunataka maji ambayo uwanda hauna. Mwaka wa njaa watu hufupisha kazi: mzizi mbichi hupondwa, huanikwa kwa muda mfupi na kuliwa ndani ya siku moja au mbili. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, kwa kushirikiana na Hans Rosling wa Sweden, walieleza mlipuko wa sumu ya muhogo kusini mwa Tanzania katika maandiko yaliyochapishwa mwaka 1992, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na moja kwa moja, uliwapata tena watu wa Mkoa wa Mtwara. Kaskazini mwa Msumbiji ugonjwa huohuo ulikuwa umewalemaza zaidi ya watu elfu moja mwaka 1981.

Sayanidi isiyoua huathiri tezi. Mwili huigeuza kuwa thiosayaneti kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini, na thiosayaneti hugombea na madini joto mlango mmoja wa kuingilia ndani ya thairoidi. Penye madini joto ya kutosha, ushindani huo haudhuru. Yakiwa haba, thairoidi huyakosa. Haya yalithibitishwa katika miaka ya 1960 na 1970 kwenye kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, na kaskazini mwa nchi hiyohiyo, Ubangi, ambako muhogo na uhaba wa madini joto kwa pamoja vilileta rovu kubwa na watoto wenye udumavu wa akili. Hivyo mlaji wa makopa wa Newala anayetumia chumvi yenye madini joto na jirani yake anayetumia chumvi ya pwani isiyochanganywa wanaweza kula ugali wa sufuria moja, TSH zao zikatofautiana.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Wakichukuliwa watu 120 wowote kutoka vijiji vya Newala, mipaka itakayopatikana itaeleza kwa usahihi hali ya damu ya vijiji hivyo. Haitaeleza afya. Upungufu wa madini joto unaipandisha TSH ya vijana na kuishusha T4, hali T3 ikibaki mahali pake au ikipanda, kwa kuwa mwili hubana matumizi kwa kutengeneza zaidi homoni inayohitaji atomu tatu za madini joto badala ya nne. Kwa wazee waliokulia kwenye uhaba, vinundu huishusha TSH. Mipaka itapanuka pande zote mbili, na wagonjwa wa pande zote mbili watapotelea ndani yake. Upande mwingine, mipaka ya kijitabu cha kiwandani inaweza kumwita mgonjwa mtu asiyeumwa chochote. Kati ya makosa haya mawili, la kwanza ni baya zaidi, kwa kuwa halina wa kulilalamikia: hakuna mgonjwa anayejua kwamba aliachwa.

Utafiti wa kufaa ungeanza kwa kuchagua watu kwa makini kuliko kwa wingi. Njia ya kuwapata ipo. Mwaka 2004 watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara walifanya uchunguzi wa kaya katika wilaya tano za Lindi na Mtwara, Newala ikiwemo, wahojaji wakinukuu majibu kwenye kompyuta ndogo za mkononi. Kwa hiyo kuchagua kaya kwa kura katika vijiji vya uwanda si jambo geni. Kila aliyechaguliwa angepapaswa shingo, na ikiwezekana kupigwa picha ya mawimbi ya sauti, ili mwenye rovu au vinundu aondolewe. Damu yake ingepimwa kingamwili zinazoshambulia tezi, kwa maana mtu anaweza kuwa nazo miaka mingi kabla ya kuugua. Wangeondolewa wajawazito na waliojifungua karibuni, wenye homa au malaria siku hiyo, wenye utapiamlo, kwa kuwa ugonjwa wowote mzito huishusha T3 hata tezi ikiwa salama. Wangeondolewa wanaotumia dawa za tezi, litiamu na baadhi ya dawa za kifafa. Rifampisini ya kifua kikuu, inayotumika sana nchini, nayo huharakisha kuvunjwa kwa T4. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huipandisha T4 ya jumla bila kuigusa ile iliyo huru, kwa hiyo ni afadhali ipimwe T4 huru.

Kisha ingekuja hatua ambayo maabara za Ulaya hazina haja kubwa nayo. Kila mshiriki angetoa mkojo upimwe madini joto na thiosayaneti, na chumvi ya jikoni kwake ingepimwa kwa matone yanayoigeuza kuwa ya buluu. Mkojo wa mara moja hauwezi kumhukumu mtu mmoja, kwa kuwa kiasi hubadilika siku hadi siku, lakini hulihukumu kundi. Mipaka ingetolewa kwenye vijiji vyenye madini joto ya kutosha, na vijiji visivyotosheka vingelinganishwa navyo. Tofauti ikifutika baada ya chumvi kurekebishwa, ilikuwa ya chakula. Ikibaki, ni ya watu wenyewe, na mipaka ya kijitabu ndiyo ibadilishwe.

Msimu nao ungezingatiwa. Mvua za kusini huja mara moja kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi ya mwanzo wa mwaka, kabla ya mavuno, ndiyo ya ghala tupu. Fedha za korosho huingia kuanzia Oktoba, na samaki hununuliwa. Damu iliyotolewa Februari na ile ya Novemba zinaweza kueleza milo miwili tofauti. Saa pia ina maana: TSH hupanda usiku wa manane na kushuka mchana, kwa hiyo damu zote zitolewe asubuhi, si wengine alfajiri na wengine baada ya kutoka shamba.

Hesabu ya watu hukua haraka kuliko inavyotarajiwa. Watu 120 ni kwa kila kundi. Wanaume na wanawake wakitenganishwa, ni 240. Theluthi moja ya waliojitokeza ikiondolewa kwa sababu zilizotajwa, waitwe 360. Wajawazito wana hesabu yao. Katika miezi mitatu ya kwanza, homoni ya kondo inayofanana na TSH huichochea thairoidi moja kwa moja, na TSH ya mama hushuka. Mwaka 2011 chama cha wataalamu wa tezi cha Marekani kilishauri mpaka wa juu wa 2.5 kwa miezi hiyo. Tafiti za Asia zikaonyesha kwamba kwa mpaka huo wanawake wengi sana wenye afya wangeitwa wagonjwa, na mwaka 2017 ushauri ukageuzwa: kila nchi itumie mipaka ya wajawazito wake, na isipokuwa nayo, mpaka wa juu uwe kama 4.0. Mabadiliko hayo yalitokana kwa sehemu kubwa na damu ya wanawake wa Asia. Wanawake wa kliniki za Ndanda na Mkomaindo huko Masasi, na wa Newala, hawakuwemo, ingawa ubongo wa watoto wao ndio wenye cha kupoteza zaidi.

Maabara isiyoweza kumudu yote hayo ina njia ya mkato inayokubalika: ichukue watu 20 wenye afya wa mahali pake, iwapime, na wasipozidi wawili walio nje ya mipaka ya kijitabu, iendelee kuitumia. Njia hii hukamata mipaka iliyobana kupita kiasi. Mipaka iliyolegea haiikamati, kwa sababu watu wote 20 watapita ndani yake bila kugusa ukuta. Njia nyingine ni ya takwimu: majibu maelfu yaliyokwisha kulundikana kwenye kompyuta za hospitali kubwa huchambuliwa ili kutenganisha umbo la wazima na la wagonjwa. Inafaa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Kwa hospitali ya wilaya yenye majibu machache ya TSH kwa mwezi, haifai.

Hata mipaka bora ina ukomo. Nchini Denmark wanaume 16 wenye afya walipimwa kila mwezi kwa mwaka mmoja, matokeo yakachapishwa mwaka 2002: homoni za kila mmoja zilichezea eneo la takriban nusu tu ya upana wa mipaka ya kundi. Mtu ambaye kawaida yake ni TSH ya 1 akifika 3.5 amebadilika sana, ingawa karatasi inamwita mzima. Jibu la zamani la mgonjwa mwenyewe, likitunzwa kwenye daftari lake, linaweza kumfaa kuliko mipaka ya taifa zima. Na mipaka hiyo huchakaa. Mashine za kampuni mbalimbali hazitoi tarakimu sawa kwa damu ileile, hasa kwa T4 huru, kwa hiyo hospitali inayobadili mashine inabadili na maana ya majibu yake. Chumvi ya pwani nayo ikianza kuchanganywa ipasavyo, mipaka iliyopatikana kabla itakuwa inaeleza watu ambao hawapo tena, na kazi itarudiwa. Dalili ya kuanzia ya mabadiliko hayo inaweza kupatikana mapema kwa watoto wachanga, ambao TSH ya damu ya kisiginoni, ikipita 5 kwa chini ya asilimia 3 yao, huonyesha kuwa mama zao wanapata madini joto ya kutosha.